Sauti Iliyosoma Chumba

"Kikombe," ilisema kompyuta. "Ukingoni."

Mchapaji aliacha kuchapa. Kwenye skrini hapakuwa na kikombe chochote. Palikuwa na maelezo ya kikao cha wenye nyumba waliogombana asubuhi nzima juu ya mtaro wa maji machafu, naye alikuwa akiyachapa neno kwa neno kutoka kwenye rekodi waliyomletea. Alinyoosha mkono wa kushoto polepole, akakikuta kikombe chake cha chai kimekaa nusu juu ya meza, nusu hewani.

Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alisonya.

"Nani kakuuliza?" aliiambia kompyuta, akakisogeza kikombe ndani.

Hakuwa akiona tangu azaliwe. Kompyuta yake, iliyoendeshwa kwa mfumo wa Linux, ilikuwa na programu ya kumsomea skrini: kila kilichoandikwa pale ilikitamka kwa sauti kavu ya bati, sauti isiyojua harusi wala msiba. Ilitaja kitu kwanza, kisha hali yake. Kitufe. Kimebonyezwa. Dirisha. Limefungwa. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, na alikuwa mchapaji hodari ambaye watu wenye macho yao mawili walimpelekea rekodi kwa sababu wao walikosea mno. Lakini programu ile kazi yake ni kusoma skrini, basi. Kikombe cha chai hakikuwahi kuwemo kwenye skrini.

Na hasira zake msizishangae, maana zilikuwa na mizizi. Alikuwa bado mtoto wa kubebwa walipoanza kumzungusha kwa waganga. Jini limemkalia machoni, walisema. Akafukizwa moshi mpaka akatapika, akapakwa dawa zilizomchoma kope, akachapwa fimbo ili jini lisikie uchungu litoke. Jini halikutoka kwa sababu halikuwemo. Macho yalikuwa hayaoni tu, kama vile masikio ya wale waganga yalivyokuwa hayasikii mtoto akilia. Alipokua aliapa kwamba neno jini halitatamkwa mbele yake na mtu akabaki na amani.

Aliyemlea ni dada yake mkubwa. Alimpenda, hilo halina ubishi, lakini alimshika mkono mpaka ndevu zikamwota. Alimkatia nyama, akamjibia maswali aliyoulizwa yeye, akamvusha barabara hata siku ambazo hakutaka kuvuka. Kompyuta ndiyo iliyomtoa kwenye mkono ule. Ilimpa kazi, kazi ikampa nyumba ya vyumba viwili, na ndani ya nyumba akaingia mke, fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye mikono yenye harufu ya sabuni, ambaye hakuwahi kumkatia nyama. Humo ndani Mchapaji alikuwa mume na mwenye nyumba. Kompyuta ikimharibikia, angerudi kuwa mtu wa kushikwa mkono, na hilo ndilo jambo pekee alilokuwa akiliogopa duniani.

Kwa hiyo kompyuta iliposema tena, "Nzi. Juu ya kibodi," akachukua simu akampigia rafiki yake, fundi wa kompyuta.

"Inasema maneno ya ziada," alimwambia. Aliona haya kumtajia nzi. "Na programu ya kuandikia inaganda. Nachapa, inanyamaza, halafu inamwaga maneno yote kwa mkupuo."

"Programu zako unazifungulia wapi? Kwenye menyu?"

"Ndiyo."

"Acha menyu. Programu ukiifungulia kule ikianguka inaanguka kimya kimya, hujui imekufa kwa ugonjwa gani. Fungua dirisha la amri, iite kwa jina lake kutoka humo. Kama ina tatizo italitapika humo humo. Na kabla ya hapo, angalia ni zipi ziko hai."

Mchapaji alifungua dirisha la amri na kuiuliza mashine ni programu zipi zinazoendelea. Akakuta kisomaji cha skrini kiko hai mara mbili. Kimoja alikifungua mwenyewe asubuhi. Cha pili hakikuonyesha kimefunguliwa na nani. Alikiamuru kijifunge kwa adabu, kikakataa. Akakiua kwa nguvu, ile amri ambayo hakuna programu inayoweza kuibishia. Kikafa. Alipoangalia tena, kilikuwepo, kwa namba nyingine kama programu iliyofunguliwa upya, na kompyuta ikasema, "Mkono. Unatetemeka."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka kweli, lakini kwa ghadhabu.

"Ni kivuli tu hicho," fundi alimtuliza kwenye simu. "Programu ikifa vibaya huacha mabaki. Iite upya kwa ile amri ya kushika nafasi ya aliyetangulia. Halafu kwenye mipangilio, umeiweka kwenye maneno machache, si ndiyo? Ipandishe mpaka juu kabisa. Ukitaka kujua programu inaumwa nini, iambie iseme yote isikufiche kitu. Mimi hufanya hivyo kila siku."

Ushauri huo ni mzuri sana kwa programu. Mchapaji akaandika amri ile, kisha akaingia kwenye mipangilio na kupandisha usemaji hadi mwisho.

"Sema yote," ilisema kompyuta. "Una hakika?"

Akabonyeza ndiyo, kwa kidole kilichojaa hasira, bila kufikiri. Baadaye fundi aliapa kwamba programu ile haina swali kama hilo, haijawahi kuwa nalo.

Chumba cha pili cherehani ya mkewe ilikuwa ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama, halafu ikasimama moja kwa moja. Pua yake ikapata harufu ya kitambaa kilichoungua kwa pasi. Alitaka kumwita mkewe amwambie aangalie pasi yake, lakini kabla hajafungua mdomo ile sauti ya bati ilianza kusoma, na haikusoma skrini.

"Meza. Ina mkwaruzo. Ukuta. Una rangi ya maziwa. Dirisha. Liko wazi. Pazia. Limechanika chini. Nje, paka. Amelala. Kiti. Kimekaliwa. Mtumiaji. Mdomo wazi."

Mchapaji aliufunga mdomo.

"Mtumiaji. Mdomo umefungwa."

Alikuwa mtu wa kupima mambo, na mtu wa kupima mambo huipa mashine kitu ambacho jibu lake analijua. Aliingiza mkono chini ya meza akakunja vidole viwili. "Vidole. Vitatu viko wazi." Akakunja vyote. "Ngumi." Akagusa kifua chake, kwenye shati aliloambiwa na muuzaji kuwa ni la bluu. "Shati," ilisema sauti. "La kijani. Vifungo vimepishana."

Akavipapasa. Vilikuwa vimepishana. Na shati hilo ndilo alilotoka nalo asubuhi, akaenda nalo dukani, akarudi nalo, akasalimiana na watu wazima na akili zao, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Walimwangalia, wakanyamaza! Damu ilimchemka mpaka masikio yakamwasha. Hapo ndipo alipoacha kutafuta kosa la kompyuta.

Alivaa hedifoni ili asisikie mwingine. Akasogeza meza dirishani. Kuanzia siku hiyo aliyaona mambo ambayo sisi wenye macho tunayafanya mbele ya asiyeona tukidhani ni bure, na kwa kweli yanatia aibu. Jirani aliyemsalimia kwa sauti ya asali alikuwa akimtolea ulimi. Mteja aliyemsifu kazi alikuwa akipekua droo yake. Sauti ilimsomea yote bila huruma, jambo kisha hali, jambo kisha hali. Mchapaji akawa mtu wa kufoka. Alimfokea jirani kupitia dirishani mpaka jirani akaangusha ndoo. Alimfukuza mteja. Rekodi zikarundikana bila kuchapwa, na kila alipofoka ile harufu ya kitambaa kilichoungua ilizidi. Mkewe alikuwa akiapa kwamba pasi ni ya baridi, hata ukiilaza shavuni.

"Unaongea na nani, mume wangu?" aliuliza mkewe siku moja kwa sauti ya chini.

"Nafanya kazi."

"Hujachapa kitu. Sisikii kibodi."

"Na wewe unanichunguza?"

Mwanamke akarudi kwenye cherehani yake. "Mke," ilisema sauti kwenye hedifoni. "Ametikisa kichwa." Hata hilo lilimkera, ingawa mke yeyote mwenye mume wa namna ile angetikisa kichwa mpaka shingo imuume.

Dada mkubwa alikuja siku iliyofuata, akaleta matunda na maneno mengi. Waliketi watatu sebuleni mlango ukiwa wazi, Mchapaji na hedifoni yake sikio moja, waya wake mrefu ukipita mlangoni, kompyuta ikiwa chumba cha kazi lakini sauti ikiona mpaka huku. Dada alisimulia habari za watoto wake. Huku akisimulia, sauti ilikuwa ikisoma.

"Dada. Amenyoosha kidole kwa mtumiaji. Amezungusha kidole kichwani. Mke. Ameitikia kwa kichwa. Dada. Ameonyesha mlango. Ameonyesha jua. Mke. Ameweka kidole mdomoni."

Mchapaji alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mnaongea kwa mikono," alisema. "Mbele yangu. Ndani ya nyumba yangu!"

Dada akauliza kwa unyonge, "Nani kakwambia, mdogo wangu?"

"Kidole kichwani maana yake mimi kichaa. Mlango na jua, nani atakuja kesho mchana? Nani? Semeni!"

Dada alianza kulia. Mke ndiye aliyejibu, karibu kwa mnong'ono. "Mganga. Tuliogopa kukwambia. Huli, hulali, unanuka moshi. Tuliogopa."

Hebu fikiria mtu aliyechapwa fimbo utotoni kwa ajili ya jini lisilokuwepo, anasikia hivyo kutoka kwa watu wawili ambao angewafia. Hakupiga mtu. Alicheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kuliko kofi. "Mleteni," alisema. "Kesho mleteni. Namtaka."

Mganga alikuja na jua la mchana, amevaa koti na simu mbili zikiita kwa zamu mifukoni. Alikagua nyumba, akapumua kwa uzito, akatangaza kwamba jini ni kubwa, la ukoo, tena limeudhiwa. Wote husema hivyo, sijawahi kusikia mganga aliyekuta jini dogo. Aliwakalisha Mchapaji na mkewe kwenye mkeka, dada akasimama mlangoni, kisha akawasha makaa na kufumba macho akaanza kunguruma.

Mchapaji aliuvuta waya wa hedifoni mpaka ukachomoka kwenye kompyuta. Sauti ikatoka kwenye spika, ikajaa chumba.

"Mganga. Macho yamefumbwa. La kushoto liko wazi. Linatazama miguu ya mke."

Mngurumo ulikatika. Mke alivuta gauni lake.

"Mganga. Jasho. Simu ya kulia. Inasema, usichelewe, huyo kipofu asikupotezee muda. Mganga. Anatazama mlango. Anatazama dirisha. Suruali. Imelowa. Inaendelea kulowa."

Waliokuwa nje walisema hawajawahi kuona mtu mnene akiruka ngazi zile kwa hatua moja. Aliacha chetezo, akaacha kiatu. Dada alimfuata nje akipiga mayowe, hakurudi tena mchana ule. Na spika, ambayo haikuwa imetengenezwa iweze kucheka, ikasema kwa sauti ileile kavu: "Kicheko. Kicheko. Kicheko."

Mchapaji alikuwa akicheka nayo, machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amemkomoa mganga. Hakujua kwamba anacheka peke yake ndani ya nyumba iliyokuwa imepoa ghafla katikati ya joto la mchana.

"Zima," alinong'ona mkewe kutoka kwenye mkeka. "Nakuomba, zima. Hiyo si kompyuta tena."

"Hiyo ndiyo pekee isiyonificha kitu humu ndani."

"Mimi nimekuficha nini?"

"Mganga! Vidole! Siku zote nikidhani adui yuko kwa jirani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Mchapaji alisubiri jibu, akasikia makaa yakipasuka kwenye chetezo, akasikia paka akilia nje, na ile harufu ya kitambaa kinachoungua ikaja ikamzunguka kama shuka.

"Mke," ilisema sauti. "Anacheka."

Mchapaji aligeuza kichwa.

"Mke. Amebana mdomo. Mabega yanatikisika. Anacheka."

Kicheko cha kubana mdomo alikijua. Shuleni alikaa nacho madarasa yote, watoto wakimwekea miguu ajikwae kisha wakitikisika kimya kimya, na mwalimu akitikisika nao. Alisimama akamwelekea mkewe, mwili mzima ukimwaka.

"Toka," alisema. "Toka nyumbani kwangu."

Hakutoka. Sauti ikasema anacheka, anacheka sana, ameshika tumbo, na Mchapaji akanyoosha mkono aukamate ule mdomo, akishike kwa vidole vyake mwenyewe kicheko kikiwa bado kimo ndani, akiwa hajui atakachofanya baada ya kuukamata, akiwa hajali, na mkono ukapita hewani ukatua kwenye shavu, na shavu lilikuwa limelowa, limelowa kote, na kidevu kilikuwa kikitetemeka, na maji ya moto yakateremka kwenye vidole vyake hadi kwenye kifundo cha mkono, huku nyuma yake, bila kupanda wala kushuka, sauti ya bati ikiendelea kusema, anacheka, anacheka, anacheka.

Mkono wake ulibaki palepale.

"Umeanza kulia lini?" aliuliza, kwa sauti iliyokaribia kupotea.

"Siku nyingi."

"Kwa nini hukutoa sauti?"

"Nilidhani itakwambia."

Mchapaji aliushusha mkono. Alikuwa ameipima ile sauti kwa vidole na vifungo vya shati, vitu vya kijinga, na kwa kuwa ilisema kweli kwenye vidole akaikabidhi uso wa mke wake. Alijiona mjinga, na alistahili. Halafu hasira ikarudi, safari hii ikienda inakostahili. Alikwenda chumba cha kazi akaiua ile programu kwa amri, akaiua tena, akachomoa spika, akachomoa waya wa umeme ukutani. Feni ya kompyuta ilizunguka ikafa.

"Waya," ilisema sauti, kutoka sehemu isiyojulikana ya chumba. "Umechomolewa. Mtumiaji. Ana hasira. Ongeza."

Mkewe alikuwa amemfuata. Alimshika kiwiko, akamnong'oneza sikioni kwa woga, "Usipige kelele. Umesikia? Inataka ukasirike."

Hapo Mchapaji alielewa. Yote iliyomsomea tangu mwanzo, ulimi wa jirani, droo, vidole vya dada, yalikuwa ni makaa ya kuongezea. Haikuwahi kumsomea mtu mmoja aliyempisha njia au aliyemtabasamia bila sababu, na mtaani walikuwepo. Alivuta pumzi, akazihesabu, akajikaza mpaka ngumi zikafunguka. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu mtu aliyeishi na hasira hajui aiweke wapi akiambiwa aishushe. Sauti ikanyamaza.

Alichomeka umeme na spika tena, akampigia fundi, akazungumza polepole kama anayemwongelesha mgonjwa.

"Umeshajaribu mtumiaji mpya?" aliuliza fundi.

"Bado."

"Basi fanya hivyo. Kila mtumiaji kwenye Linux ana nyumba yake, na mipangilio yake yote imo humo, kwenye zile folda zilizofichwa zinazoanza na nukta. Tengeneza mtumiaji mpya, nyumba mpya, asiye na chako hata chembe. Programu ikikosea na kwake, mashine ni mbovu. Ikitulia, mashine ni nzima, na kosa liko kwa mtumiaji wa zamani."

Alifanya hivyo. Akaingia kwa jina jipya na nywila mpya. Programu ya kuandikia ilifunguka bila kuganda. Kisomaji kilikuwa kimoja tu, nacho kilionyesha kimefunguliwa na nani. "Hati mpya," kilisema. "Tupu." Alisukuma kikombe hadi ukingoni, akasubiri. Kimya. Mkewe akashusha pumzi ndefu akakaa sakafuni.

"Unaona?" fundi alifurahi kwenye simu. "Mashine yako haina kosa hata kidogo. Mfute yule wa zamani na nyumba yake yote, umalize."

Kwenye nyumba ile kulikuwa na kazi zake zote, na barua alizomwandikia mkewe kabla hawajaoana. Alifuta yote. Wakati ufutaji unaendelea, ile harufu ilikuja karibu, ikawa kali usoni pake hasa, puani na mdomoni, mpaka akakohoa akakosa hewa. Kisha ikatoweka kabisa. Mkewe alifungua madirisha, wakashikana mikono katikati ya chumba wakacheka wote wawili, na alipomgusa uso alikuta ni kicheko kweli.

Amani ikarudi. Dada alikuja akaomba msamaha, akaombwa msamaha, wakala pamoja, na hakuna aliyeongea kwa mikono. Mchapaji alikwenda kwa jirani akamlipa ndoo. Rekodi zilichapwa. Hasira zilimwisha kiasi kwamba mkewe alianza kumtania: sasa nani atawafukuza wauza dawa za mende? Mchapaji alitabasamu tu, tabasamu pole, la mtu aliyeshiba.

Mchana mmoja alipitiwa na usingizi kwenye kiti baada ya chakula. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akishona pindo la gauni la mteja, na uzi ukakatika. Aliinama autafute mwisho wake.

"Uzi," alisema mumewe. "Umekatika."

Alidhani amesikia mlio. Wasioona husikia mengi. "Kumbe umeamka," alimwambia, akageuka.

Mumewe alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho yamefumbwa, kifua kikipanda na kushuka kwa pumzi ya mtu aliyezama usingizini. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikisogea, kidogo sana, na sauti haikuwa ya mumewe mwenye hasira wala mumewe mpole.

"Mke. Amegeuka."

Alisimama, na kwa kuwa alijua hapaswi kutoa sauti alivua viatu, akakanyaga sakafu kwa ncha za vidole kuelekea mlangoni, akipita mbali na kiti kadiri chumba kilivyoruhusu, na pasi ilikuwa kabatini, ya baridi tangu juzi, lakini chumba kizima kilikuwa kikinuka kitambaa kinachoungua.

"Mke. Amevua viatu. Anapita kando ya ukuta. Mkono mdomoni. Mlango. Uko wazi."

Mlango ulikuwa wazi kweli. Jua lilikuwa limelala kizingitini, na nje mtu alikuwa akipita akipiga mluzi. Angeweza kutoka. Lakini yule kwenye kiti alikuwa ndiye mtu aliyemwandikia barua bila kumwona, na hakuwa na moyo wa kumwacha humo peke yake. Alirudi. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika mkono wake, ulikuwa wa baridi.

"Mume wangu," alinong'ona. "Nisikie. Mume wangu, uko wapi?"

Midomo ilitulia kwanza, kama vile kuna mtu ndani anayetafuta chumba kwa chumba. Kisha ikajibu, kwa sauti ile isiyojua harusi wala msiba.

"Mume," ilisema. "Hayupo."